Feni ya Darini kwa Dobi Hakikisha

Mume wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Hakikisha. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimletea shati la kufua atalipokea kwa vidole viwili, atalipindua nje ndani, atavuta kifungo kimoja kimoja, ataingiza mkono mfukoni mpaka kwenye mshono, halafu atakutazama usoni akuulize, "Hili doa umekuja nalo?" Ukikubali, atataka kujua limetoka wapi. Ukisema hujui, ndiyo umejimaliza. Kwa mume wangu, mtu asiyejua habari za doa la shati lake mwenyewe ana jambo.

Mimi mkewe nikimsalimia kwa furaha asubuhi, ananiuliza kuna nini. Nikinyamaza, ananiuliza kuna nini. Nilishaacha kujitetea zamani. Napika mlango wa jikoni ukiwa wazi, maana nikiufunga atakuja kuangalia ninachoficha, na akija hatoki mpaka afunue masufuria yote. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wanaishi mbali, na wakipiga simu huanza kwa kusema, "Baba, hakuna shida, tunasalimia tu." Anawaambia anajua kuna shida, waseme tu.

Lakini ni dobi hodari, hilo simnyimi. Kufua kwake ni uani, kwenye mabeseni na pipa la maji ya moto, na nguo nyeupe ikitoka mkononi mwake unaweza kuiweka kando ya karatasi mpya. Chumba cha mbele ndicho cha pasi. Upande mmoja kuna kamba za kuanikia nguo mbichi wakati wa mvua, upande wa pili kuna meza ya pasi, na juu ya meza, kando ya ukuta, kuna bomba la kutundikia nguo zilizokwisha kunyooshwa. Juu ya hayo yote kuna dari ya mbao, na juu ya dari, bati.

Anayepiga pasi ni wifi yangu, dada yake mume wangu, tumbo moja, ziwa moja. Alipofiwa na mumewe, wakwe walimtoa ndani ya nyumba hata matanga hayajaisha vizuri. Mume wangu alikwenda na mkokoteni kumchukulia vitu vyake, akamwambia mbele yangu, "Hapa ni kwako, mpaka uchoke mwenyewe." Mimi na wifi hatukuwa chanda na pete. Wifi ni wifi. Alinisema kwa chumvi yangu, nami nilimsema kwa kuacha sabuni ilowe. Ila kwenye pasi, mpe haki yake, kola yake ilisimama kama imeitwa jina. Hana mtoto, hana kiwanja, hana akiba. Ana chumba kile cha nyuma na meza ile ya pasi. Vikimtoka hivyo, hana kwao. Hilo lishike, maana ndilo lililowekwa rehani katika habari hii yote.

Tatizo lilianzia kwenye bati. Kiangazi, chumba cha pasi kilikuwa tanuri. Jua likipanda, joto lote la juu linashuka na kukaa kichwani kwa mtu, na pasi nayo inatoa lake. Siku moja wifi alishika ukingo wa meza, akasema "naona giza," akateleza mpaka chini. Mume wangu alimbeba mwenyewe mpaka uani akammwagia maji kichwani. Sikuwahi kumwona mtu yule na hofu namna ile. Na mvua zikija, mambo yanageuka: nguo hazikauki, zinashika harufu ya uvundo, wateja wanakunja pua. Nikasema basi, nikamtafuta fundi.

Fundi alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mengi na penseli sikioni. Alipanda darini, akashuka kajaa vumbi, akasema dawa ni feni. Akaiweka juu kabisa, kwenye ukuta wa pembetatu chini ya paa, na kando yake akafunga kijisanduku chenye kipimo. Chini, kwenye ubao wa ukingo wa paa, akatoboa matundu na kuyawekea wavu wa kuzuia ndege.

"Hii inajiendesha yenyewe," alituambia. "Joto la darini likizidi, inajiwasha. Unyevu ukizidi, inajiwasha pia, hata kama ni baridi. Hewa safi inaingia kwa haya matundu ya chini, hewa mbaya inatolewa kule juu. Kiangazi na masika. Nyinyi kazi yenu ni moja tu: matundu haya msiyazibe."

"Tusiyazibe kwa nini?" mume wangu akauliza.

"Feni itakosa hewa, mzee. Msiyazibe kabisa."

Alipokuwa akifunga mkoba wake akasema tena, jamani, yale matundu. Na akiwa mlangoni akageuka akasema kwa mara nyingine. Nilimwona mume wangu akimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona.

"Umesikia?" akaniambia. "Mtu akikukataza kitu sana namna hiyo, ana lake."

"Lake lipi? Matundu ya hewa?"

"Fundi ametoboa nyumba yangu pande zote halafu ananibembeleza nisizibe. Wewe huoni kitu hapo?"

Sikuona kitu. Niliona chumba kimepoa. Kiangazi kile chote wifi alipiga pasi akiimba, na feni ilivuma juu taratibu, inakuja na kukoma. Hata mume wangu alikuwa akisimama mlangoni, anaegemea, anafurahia ule ubaridi huku amekunja uso.

Majira yakabadilika, baridi ikaingia na manyunyu. Asubuhi moja tunakunywa chai, tukaisikia feni inaanza.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Nani kaiwasha?"

"Inajiwasha," nikasema. "Unyevu."

"Baridi yote hii, feni ya nini?"

"Si alisema hata kama ni baridi?"

"Alisema. Kwa hiyo alijua kwamba itawaka siku ambayo haihitajiki. Alituandaa kabisa." Akatazama juu, kama anayemsikiliza mtu. "Kitu kinachojua kilichomo ndani ya nyumba yangu kabla yangu mimi, kinamwambia nani?"

Wifi alicheka akasema, "Kaka, kinaiambia feni." Mume wangu hakucheka. Kuna dobi mwingine alikuwa amefungua duka barabarani, dobi wa mashine, na mume wangu aliamini kwamba yule bwana halali usingizi kwa ajili yake. Akaanza kusema huenda matundu yale ni ya kusikilizia. Au ya kupitishia panya. Au ya kupulizia kitu kwenye nguo. Kila siku alikuja na jipya, na kila jipya lilikuwa bovu kuliko la jana.

Siku moja nilimwona anapanda ngazi na bunda la nguo zilizotelekezwa, zile ambazo wenyewe walizileta wakafuliwa wasirudi tena. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nikadhani anatafuta pa kuzihifadhi na ananijibu kwa methali kama kawaida yake akiwa na hasira. Nikaendelea na shughuli zangu.

Tangu siku ile feni haikukoma. Ilivuma kutwa. Na hazikupita siku nyingi, madoa yakaanza.

Aliyeyaleta wa kwanza ni muuguzi, mteja wetu wa zamani, mwanamke asiye na makuu. Alikunjua gauni lake jeupe la kazini juu ya meza yetu. Begani palikuwa na vitone vidogo, rangi ya chai iliyopoa. "Nimelitoa kwenye mfuko wenu asubuhi hii," akasema. "Sijalivaa." Mume wangu alilichukua akaenda nalo kwenye mwanga. Akalinusa. Halafu, mbele ya mgeni, akagusa doa kwa ncha ya ulimi.

"Chuma," akasema.

Muuguzi akanitazama. Nikatazama ukuta.

Chuma, basi ni pasi. Pasi, basi ni wifi. Hivyo ndivyo kichwa chake kilivyokwenda, na sitasema kilikwenda upesi, kwa sababu kwanza kilipita kwangu. Alinusa sabuni niliyonunua. Alichuja maji niliyochota kwa kitambaa. Alipomaliza na mimi ndipo akamgeukia dada yake, akamtaka asugue uso wa pasi. Wifi akausugua kwa majivu mbele yake mpaka ukang'aa. Kesho yake madoa yalikuwa pale pale, kwenye mashati mengine. Ndipo mume wangu alipogundua jambo ambalo kwake lilikuwa ushahidi tosha: nguo mbichi kwenye kamba hazikuwa na doa hata moja. Madoa yalikuwa kwenye nguo zilizotoka kwenye pasi tu, zile za kwenye bomba.

Akaanza kumwinda. Mtu mzima, kaka mtu, anajibanza nyuma ya mlango mchana kweupe na beseni mkononi ili aonekane anapita. Anachungulia kwenye tundu la kitasa. Wifi akitoka kwenda kununua vocha, anamfuata kwa mbali. Ndipo siku moja akamwona amesimama mbele ya duka la dobi wa mashine, wanaongea, na wifi anacheka. Alirudi nyumbani amekauka midomo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akaniambia. "Mimi nilikuwa natafuta mbali."

"Kumsalimu mtu si kosa, Baba Watoto."

"Anacheka naye. Mimi kwangu hajacheka mwezi huu."

"Angecheka vipi, na wewe uko nyuma ya mlango?"

Nilimwambia aache. Nilimwambia yule ni damu yake, nikamkumbusha mkokoteni, nikamkumbusha siku alipombeba uani. Akanijibu kwamba hata mimi namtetea mno, na mtu akimtetea mwenzake mno, ana lake. Hapo nilimwogopa. Nilijua anaelekea wapi, na nilijua hakuna breki.

Alimwambia asubuhi, wifi akiwa na shati la mtu mezani na pasi imeshapata moto. Nilikuwa mlangoni.

"Dada, amekutuma nani?"

Wifi alidhani ni mzaha. "Kunituma wapi?"

"Kuniharibia. Huyo wa mashine anakupa nini? Nimekulisha, nimekuweka ndani, unanidondoshea kutu kwenye nguo za watu."

Wifi hakulia wala hakupandisha sauti. Alichomoa pasi. Alimalizia kukunja lile shati, mkono huu, mkono ule, akaliweka sawa. Akasema, "Kaka, unaamini hayo?"

"Ninaamini ninachokiona."

"Umeniona?"

Mume wangu alilitazama lile shati lililokunjwa, na nilidhani labda Mungu amemgusa. Halafu akasema, "Sihitaji kukuona. Najua."

Wifi akavua aproni, akaingia chumbani kwake, akatoka na begi moja. Nilimshika mkono, nikamwambia asiende, atatulia. Akaniambia, "Wifi, nikikaa nitakuwa nimekubali." Machozi yalinitoka mimi. Alikwenda kulala sebuleni kwa shoga yake mmoja, mshona mashuka, kwenye godoro linalokunjwa asubuhi watu wapite. Na kwa sababu mtu lazima ale, baada ya siku chache alianza kazi kwa dobi wa mashine.

Mume wangu aliposikia hivyo alifurahi, nisikufiche. "Si niliwaambia?" Alikuwa ametimiza unabii wake kwa mikono yake mwenyewe na hakuona.

Pasi ikawa yangu. Nikapiga mashati ya siku nzima, nikayatundika kwenye bomba, nikafunga chumba. Asubuhi tulifungua pamoja, kwa sababu sasa alikuwa haniachi nifungue peke yangu. Mashati yalikuwa na madoa begani, yale yale, rangi ya chai iliyopoa.

Akayatazama. Halafu akanitazama mimi.

"Haya," nikamwambia. "Umebaki na mimi. Na mimi amenituma nani? Sema nikachukue begi langu."

Sikumwomba ruhusa. Nilimpigia fundi simu pale pale, na alipokuja nikamshikia ngazi mwenyewe. Aliingia darini. Tukamsikia anatembea kwa uangalifu juu ya boriti, anasimama, anaguna. Halafu akaanza kutupa vitu chini kupitia kwenye mlango wa dari. Suruali ya kijivu. Blauzi. Koti la mtu aliyehama. Shuka. Zote zimelowa, zingine zimeota ukungu mweusi. Chumba kizima kikanuka kisima.

"Nani ameziba matundu?" fundi akauliza toka juu.

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu aliangalia ile suruali ya kijivu.

Fundi alishuka akakaa kwenye kiti, akaeleza bila kumkaripia mtu. Feni haiumbi hewa. Ikitoa hii, lazima ivute nyingine. Tulipoiziba ile ya nje, ikavuta ya humu ndani, kupitia nyufa za dari: mvuke wa pasi, jasho la nguo mbichi, na mvuke wa pipa la uani ukiingia mlangoni. Yote yakapanda juu. Alfajiri bati likipoa, mvuke unageuka maji, maji yanachuruzika kwenye misumari yenye kutu, yanashuka. Kipimo nacho kikaona unyevu hauishi, kikaamuru feni ivute zaidi. "Kadiri ilivyovuta," akasema, "ndivyo mlivyozidi kulowa." Akainuka, akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao za dari, juu kabisa ya bomba la kutundikia. Kidole kikarudi na tone la rangi ya chai. Akamwonyesha mume wangu. Mume wangu hakulionja.

Fundi alipoondoka, mume wangu alikaa uani muda mrefu, mbele ya beseni, bila kufua. Hatimaye akasema, "Twende." Hakusema wapi, nami sikuuliza.

Dobi wa mashine alikuwa mlangoni kwake. Wifi alikuwa ndani kwenye pasi, ametupa mgongo. Mume wangu akasema amekuja kuongea na dada yake. Yule bwana alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Nilimwomba aje kwangu tangu nilipofungua. Kila nikimwona namwomba. Alikuwa ananicheka. Ananiambia kaka yake hana mtu mwingine anayemwamini, akiondoka yeye atapata wazimu."

Nimemwona mume wangu akizika baba na mama. Sura aliyoikunja pale sikuwahi kuiona.

Akaingia. Alimwambia kila kitu, na nampa heshima yake, hakupunguza: matundu, nguo zilizotelekezwa, kutu, kila kitu. Akasema, "Nimekukosea, dada. Nisamehe. Rudi nyumbani."

Wifi aliendelea kunyoosha mpaka alipofika mwisho wa mshono. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Na nitarudi, pale ndipo nilipo na chumba. Lakini nina sharti. Kila nguo nitakayomaliza, uje uiangalie mbele yangu, kabla sijaitundika."

"Hilo tu?" mume wangu akasema, na nikaona mabega yake yanashuka kwa nafuu. Alidhani amepata kwa bei ya kutupa.

Sasa wifi amerudi. Matundu yako wazi, feni inawaka na kuzima yenyewe, darini kumekauka, na begani mwa nguo za watu hakuna kitu. Muuguzi naye amerudi. Juzi alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri mfuko wake, na mimi nilikuwa nakunja mashuka kando yake.

"Kaka," wifi akaita. "Tayari."

Mume wangu akatoka uani, povu limefika viwikoni, anajifuta kwa taulo. Akaangalia gauni jeupe. Akarudi. Hata hajachutama vizuri kwenye beseni, wifi akaita tena, kwa sauti ile ile ya upole. Akaja tena. Anakuja hivyo kutwa, shati kwa shati, na jioni kiuno kinamuuma. Ameshamwomba yaishe. Ameshanituma mimi nimwombee.

Muuguzi akanong'ona, "Mbona anamwita kila saa? Kwani hamwamini dada yake?"

Hakunong'ona vya kutosha. Mume wangu alikuwa amesimama pale, ameshika taulo.

"Dada," akasema, "sihitaji kuona. Najua."

Wifi aligeuza gauni upande wa pili, akalinyoosha juu ya meza kwa viganja viwili.

"Hata siku ile ulisema hivyo," akamwambia. "Angalia na kola."

Akainama, akaangalia na kola.